Maikrofoni ya Peke Yangu

Akina mama wenzangu, mniwie radhi nikisimama kwanza bila kusema kitu. Nataka mnitazame vizuri kabla sijafungua mdomo. Haya, sasa naufungua. Mnaona hapa mbele, chini? Hapa palikuwa na meno. Juzi mtoto wa Sunday school aliniuliza kama niling'olewa kimila, kama nyanya zetu wa zamani. Nilimwambia hapana mtoto wangu, haya yalitoka kwa ujinga.

Mwenyekiti wetu ameniomba nishuhudie jinsi Mungu alivyonitoa kwenye ugonjwa wa fizi, nami nimekubali. Lakini pia ameniomba niseme kwa upole, watu wajengwe. Hiyo nitajaribu, sina hakika. Bado nina uchungu, na nikiuficha nitakuwa nimesimama mbele ya madhabahu kudanganya. Sitataja jina la mtu. Mtu akisikia nimemgusa, ajue amejigusa mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa maziwa. Nauza pale Kimumu, maziwa freshi asubuhi na mursik, yale yetu ya kugandishwa kwa kibuyu, mchana. Hiyo kazi nilifunzwa na mama yangu kule Kiplombe, wakati mashamba yalikuwa bado mengi kuliko nyumba. Nyinyi mliokua na vibuyu nyumbani mnajua vile kibuyu kinasafishwa. Unachukua ule ufito wa mtende uliopondwa ncha mpaka ukawa kama brashi, ule tunaita sosiot, unasugua kuanzia shingoni mpaka chini kabisa, mahali jicho halifiki. Kisha ndipo unaingiza kijiti cha moto na kuponda mkaa ndani. Mama alikuwa akimaliza kuniangalia nikisugua, anatia kidole chake kwa shingo ya kibuyu. Akisikia utelezi hata kidogo, narudia kazi yote. Alikuwa akisema, "Huo utelezi ndio utaharibu maziwa ya kesho. Maji hayautoi. Mkaa hauutoi. Ni mkono."

Hayo maneno nimeyabeba maisha yangu yote, na hayakunisaidia. Mtaona.

Mama alisafisha meno kwa kijiti alichokata kwa mti. Alikitafuna ncha, akasugua kila jino mbele na nyuma, mpaka kwa ufizi. Akimaliza anachukua unga wa mkaa wa kibuyu kidogo, anapaka kwa kidole, anasukutua. Mimi nikarithi kile cha mwisho. Kijiti nikaona ni ushamba, mkaa nikabaki nao. Niliona hivi: kama mkaa unalinda maziwa yasiharibike, utashindwa na meno? Basi kila asubuhi nilikuwa nikichukua mkaa wa mursik na kusugua hapa mbele kwa nguvu, mahali watu wanaona. Meno yaling'aa. Watu walinisifu. Nyuma, na pale jino linapoingia kwa ufizi, nilikuwa nikipitisha maji ya chumvi na kutema.

Damu ilianza kidogo kidogo. Unatema, unaona wekundu kwa sinki. Unauma mahindi ya kuchoma, unaona wekundu kwa mahindi. Nikauliza watu. Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa wako usiuulize mtu uliyekutana naye kwa foleni ya maji. Mmoja alisema ni damu mbaya inatoka, niiache itoke. Mwingine akasema ninywe juisi ya machungwa. Na mmoja, ambaye nilimwamini kuliko wote kwa sababu amelea watoto na wajukuu na wote wana afya, akaniambia, "Mahali panatoa damu hapaguswi. Wewe ukiwa na kidonda kwa mguu unakisugua na brashi?"

Nikaona hiyo ni akili. Nikaacha kugusa. Sehemu za mbele niliendelea na mkaa wangu, lakini kila mahali palipotoa damu nikapaacha papumzike. Vile nilivyopaacha ndivyo damu ilivyozidi, na vile ilivyozidi ndivyo nilivyozidi kupaogopa.

Nyuma ya meno ya chini kukaota kitu kigumu. Ulimi wangu ulikuwa ukikizunguka siku nzima nikiwa dukani. Nilifikiri meno yananenepa, yanajipa nguvu. Nilipomwambia yule mama wa kidonda cha mguu, alinionya. "Usikubali wakukwaruze hapo. Wakiitoa hiyo, meno yote yanalegea. Mimi niliona mtu." Kila mtu hapa Eldoret aliona mtu. Huyo mtu mimi sijawahi kukutana naye.

Na kulikuwa hakuna maumivu. Jino likiuma, mtu anakimbia hospitali hata usiku. Jambo hili halikuuma. Lilikuwa likila kimya kimya kama mchwa kwa nguzo, na mimi naimba.

Sasa nafika kwa maneno ya nyinyi na mimi.

Mnajua nimeongoza nyimbo katika kwaya hii tangu kanisa likiwa la mabati. Tulikuwa tukisimama watatu kwa maikrofoni moja, mabega yakigusana, na sauti zetu zilikuwa zinaungana vizuri. Halafu Jumapili moja nikafika nikapata nimewekewa maikrofoni yangu. Ya peke yangu, na stendi yake, imewekwa kando. Nikauliza, nikaambiwa, "Mama, sauti yako ni kubwa, inastahili maikrofoni yake."

Nilienda nyumbani nikiwa na furaha isiyo na kifani. Nilimwambia mzee wangu, "Leo wamenitambua." Nikapika kuku.

Mzee wangu alikula kuku, macho kwa sahani.

Wacha nimalize, mwenyekiti, nitafika kwa Mungu.

Baada ya hapo switi zikaanza. Nikikaa na mtu kwa kikao, ananipa switi ya minti. Nikipanda kwa gari la kanisa, mtu ananipa chingamu. Nilisema moyoni, jamani, watu wa hapa wanapenda kugawa. Wateja wangu wa maziwa wakaanza kusimama mbali na kaunta na kunyoosha mkono. Mjukuu wangu, nikimwinua nimbusu, anageuza uso na kuziba pua, na mama yake anamchapa kidogo kwa mguu, "Shika adabu." Mtoto ndiye peke yake alikuwa akisema ukweli kwa hiyo nyumba, na ndiye alikuwa anachapwa.

Na mzee wangu akawa analala akiangalia ukuta. Hii naisema kwa ruhusa yake, na hata angekataa ningesema. Mimi nilijua tu ana mwanamke. Nilikuwa nikinusa mashati yake nikitafuta manukato ya mtu. Mwanamke mzima, mdomo wangu ukiwa katika hali ile, nimesimama kwa kabati nikinusa mashati ya watu. Nikikumbuka hilo sijui nicheke au nilie.

Tukaenda mazishi kule Kiplombe. Akina mama tulikuwa nyuma ya nyumba tukimenya viazi na kukata kabeji. Nikachukua mwiko nionje mchuzi. Kulikuwa na mama mmoja ambaye mimi na yeye hatupatani. Anauza maziwa upande ule mwingine wa barabara yangu, na mambo yetu mnayajua. Akanishika mkono ule wa mwiko. Akasema, na hakushusha sauti, "Huo mwiko ni wetu sote. Wewe nenda kwanza kwa daktari wa meno. Mdomo wako umeoza, na hawa wote wanajua."

Ndugu zangu, nilingoja mtu amkemee. Niliwaangalia mmoja mmoja. Wengine wenu mlikuwa pale. Hakuna aliyeshtuka. Hiyo ndiyo ilinivunja. Mtu akitukanwa jambo la uwongo, watu wanainua vichwa. Nyinyi mliinamia viazi. Nilisikia visu vikiendelea kukata kabeji, na hapo ndipo nilijua ni kweli, na kwamba mmeijua miaka na miaka. Ile maikrofoni nikaielewa hapo hapo, nimesimama na mwiko. Zile switi zote nikazielewa.

Niliweka mwiko chini nikatembea mpaka barabarani bila kuaga wafiwa.

Mzee wangu aliponikuta nyumbani nilimuuliza swali moja. "Nanuka mdomo?" Akaenda kupunguza redio, ambayo haikuwa imewashwa. Akasema, "Niliogopa kukuumiza." Nikamwambia, "Basi umeniumiza."

Nilienda kliniki ya meno mjini, na msifikiri nilienda kwa unyenyekevu. Nilienda kwa hasira. Nilitaka daktari aniambie niko sawa, ndio nirudi nimwaibishe yule mama mbele ya wateja wake. Daktari alikuwa msichana, umri wa mtoto wangu. Akanilaza, akaangalia, akaniuliza, "Mama, hii damu ilianza lini?" Nikamwambia ni ya zamani, nimezoea. Akasema, "Ufizi mzima hautoi damu ukisuguliwa. Damu ndiyo ilikuwa inakuita."

Akachukua kijichuma chembamba, akapitisha kwa jino langu pale chini karibu na ufizi, akanionyesha kilichobaki kwa ncha. Kitu cheupe, laini, kama utando wa uji. Akasema huo ni ukoga, na nisidhani ni mabaki ya chakula. Ni viini, ni vijidudu hai. Alinieleza pole pole: ukimaliza tu kusafisha jino, mate yanalipaka utando mwembamba, na saa hiyo hiyo vijidudu vinaanza kutua juu yake. Mwanzoni vimeshika kidogo tu. Ukiviacha, vinazaana na vinatoa gundi yao, vinajijengea utando wa kuishi ndani yake, vingine vinakuja kukaa juu ya vya kwanza. Wewe unakula, navyo vinakula. Ukisukutua maji, hata ya chumvi, yanapita juu. "Ule utando hautoki kwa maji," akasema. "Lazima uusugue."

Nikamwambia, "Ni utelezi."

Akasema, "Ndiyo, mama, ukipitisha ulimi unausikia kama utelezi."

Nilianza kulia pale kwa kiti na ile taa kwa uso. Akafikiri nimeumia, akatoa chuma. Nilishindwa kumweleza. Ningemwambia nini? Kwamba mimi hiyo elimu nilipewa nikiwa mtoto, na kidole cha mama yangu kikiwa ndani ya kibuyu? Kwamba mtungi wangu wa maziwa nausugua kila siku kwa shingo, kwa kifuniko, kwa kila kona, kwa sababu najua maji peke yake yanaacha utando na maziwa yatalala yakiwa mabaya? Nimeshawahi kumfukuza mfanyakazi kwa kusuuza mtungi bila kusugua. Na mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nasuuza.

Aliendelea. Ule ukoga ukikaa siku chache bila kusuguliwa, madini ya mate yanauingia, unakuwa jiwe. Lile nililodhani meno yananenepa. Jiwe lina mikwaruzo, kwa hivyo ukoga mpya unashika vizuri zaidi, na unateremka chini ya ufizi, kule hewa haifiki, na viini vya kule ndivyo vibaya. Harufu inatoka huko. Mwili unatuma askari wake kupigana, ndiyo ufizi unavimba na kutoa damu. Vita vikikawia, mwili wenyewe unaanza kula mfupa unaoshika jino. Na mkaa wangu? Mkaa ulikuwa unakwaruza mbele tu na kuwafurahisha nyinyi.

Nikamuuliza, "Kama ningekuja damu ikianza?"

Aliangalia fizi zangu tena. Akasema, "Wakati ule ungesafishwa, ungesugua vizuri pale pale panapotoa damu, na fizi zingerudi kama zilivyokuwa."

Pale pale nilipoambiwa pasiguswe.

Alinipiga picha ya taya na kunionyesha. Mfupa wa meno ya chini mbele ulikuwa umeshuka kama udongo wa mteremko baada ya mvua ya Aprili. Meno yalikuwa yameshikwa na lile jiwe tu, yameegemeana. Alisema hayo lazima yatoke. Ya juu yalikuwa yameanza kulegea, hakuweza kuniahidi. Nikamshika mkono. Nilimwambia, "Daktari, ya chini chukua. Haya ya juu niachie, ndiyo naimbia. Nikikosa haya sitatamka neno la Mungu likasikika." Akasema, "Mimi nitasafisha. Kuyatunza ni kazi yako, kila siku, na sio mkaa."

Alinisafisha kwa awamu, upande huu leo, upande ule siku nyingine, mpaka chini ya ufizi, nikiwa na ganzi. Na nitasema ukweli, nikitoka pale meno yalikuwa yanacheza. Nilitamani kurudi kumwambia yule mama wa kidonda cha mguu, ulisema. Lakini sasa nilijua. Meno yalikuwa yamelegea kitambo, jiwe lilikuwa limeyafunga kama saruji mbaya kwa ukuta uliopasuka. Ukiitoa, unaona ufa. Ufa haukuletwa na aliyeitoa.

Ya chini yakang'olewa. Nikaacha kuimba. Mlisema kwa matangazo kwamba nina mafua, mkaniombea mafua.

Nilinunua mswaki laini. Nikafunzwa kuulaza pale jino linapokutana na ufizi na kusugua pole pole, bila kukurupuka, mbele na nyuma, na kupitisha uzi katikati ya jino na jino. Siku za kwanza damu ilijaa sinki. Kila kitu ndani yangu kilisema, acha, hapo ni kidonda. Nilisugua nikilia, nikisema, mama, nipe kidole chako. Kila asubuhi na kila jioni. Damu ikapungua. Halafu siku moja nikatema povu jeupe. Nilisimama pale kwa sinki nikaliangalia mpaka mzee wangu akaja kuuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna shida, tazama. Naye akatazama, akaniomba msamaha pale pale tukiwa tumeinama juu ya sinki. Hiyo ndiyo harusi yetu ya pili, kama mnataka kujua.

Daktari amepima tena. Fizi zimekaza, rangi imerudi, haya ya juu yameshika. Mfupa ulioliwa haurudi. Amesema wazi haurudi, na mimi nasema wazi, kwa sababu nimechoka na shuhuda ambazo kila kitu kinarudi. Mungu ameniachia ya juu. Namshukuru kwa ya juu. Ya chini bado nayalilia.

Namshukuru yule daktari, ambaye hakunicheka. Namshukuru mjukuu wangu, aliyechapwa kwa ajili ya ukweli. Sasa nikimwinua ananishika mashavu na kuniambia nifungue aone pengo.

Na namshukuru yule mama wa mwiko. Yuko hapa, ameketi, anaangalia viatu vyake. Hatujawa marafiki. Juzi tu amenichukulia mteja. Hakuniambia kwa upendo, mimi na yeye tunajua. Aliniambia kunichoma. Lakini nyinyi mlionipenda mlinipa switi, na yeye asiyenipenda akanipa meno yangu ya juu. Mama, asante. Nilikuchukia mwaka mzima na sikujua nilikuwa nakula kwa meno uliyoniokolea.

Funzo langu ni fupi. Damu kwa mswaki sio ya kuachwa itoke. Sio ya kupumzishwa. Sugua pale pale, na uende uonwe. Na mwenzako akinuka mdomo, usimhamishie stendi. Mwite kando umwambie. Nimewasalimia nyote pale mlangoni leo, mkono kwa mkono, uso kwa uso. Kuna mmoja wetu. Sitasema jina wala sitaangalia upande wake. Tukimaliza maombi nitakuja nikushike mkono twende nyuma pale kwa tangi la maji, wawili tu. Utanichukia. Nichukie, lakini kesho twende pamoja kwa daktari.

Nimemaliza. Mwenyekiti amesema niongoze wimbo wa kufunga. Naona stendi yangu bado iko pale kando ilipokuwa, hata vumbi limeshika. Mtu aiondoe. Nitaimbia kwa hii moja ya katikati, na nyinyi wawili mliokuwa mnasimama nami, mnajijua, inukeni mje. Karibu zaidi. Mabega yagusane kama zamani. Na nikianza kuimba, kama bado nanuka, msirudi nyuma. Niambieni.